Alama ya Kulabu

Vitanda kumi na viwili vilirudi kutoka Kalangala,
vimefunikwa turubai kama wagonjwa wenyewe.
Sista Nalweyiso alituma na barua fupi:
"Rangi yenu nzuri. Shuka zetu zina madoa ya kahawia."

Nikavigeuza miguu juu, hapa Katwe, mbele ya karakana.
Mgongoni, buluu ileile tuliyosifiwa.
Lakini kwapani, bomba linapokutana na bomba,
kutu imeketi kama mwenye nyumba.
Nantume akachokoa kwa ncha ya ufunguo;
gamba la rangi likadondoka zima, kama ganda la yai,
na chini yake unga.
"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema,
"na nguo yenyewe niliishona mimi."

Miaka kumi na minne amepuliza rangi uani,
leso puani, kompresa ikikoroma,
vumbi la jirani likitua kwenye rangi mbichi,
mvua ikiingia bila hodi.
Bunduki ya rangi hupiga inachokiona.
Ndani ya kona haioni.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya risiti:
birika, tanuri, mtambo wa kusafisha maji,
mtu wa kupima asidi asubuhi na jioni.
Ningeuza karakana ili ninunue karakana.
Yuko Isabirye, Jinja, anayo yote hayo,
na kazi yake ni moja.
Hatengenezi kitanda. Hatengenezi hata kijiko.
Huvika.

Nilipomwambia Nantume, hakunijibu.
Alisafisha bunduki yake polepole,
kama mtu anayeosha sahani ya mgeni
aliyekwisha ondoka.

Mzigo wa kwanza, Isabirye alikataa robo.
Hakuwa mkali. Alipitisha kidole, akanionyesha: mafuta.
Na hapa matone ya kuchomelea, yamevimba kama vipele.
Na bomba hili halina tundu,
rangi ikiingia itatokea wapi?
"Ninyi mmezoea rangi ya kufunika makosa," alisema.
"Hii huyafuata."

Zile zilizopita akatuacha tuzitazame.
Fremu zikaning'inia kwenye reli, zikashuka
katika birika jeusi lililotulia kama uji uliopoa.
Hakuna kishindo, hakuna ukungu wa rangi.
Umeme unaita, rangi inaitika majini,
inakwenda hadi kwapani, hadi ndani ya tundu la skrubu;
na palipokwisha shiba pakafunga mlango,
rangi ikahamia penye njaa.
Nantume alisema "Ee" moja tu.

Tukaupita msitu wa Mabira bila neno.
Lugazi, kwenye foleni ya malori ya miwa, akauliza:
"Na yale matundu, nani atayatoboa?"

Sasa yeye ndiye mwenye chaki.
Hupiga magoti, hutia mkono ndani ya bomba,
huchora duara palipo na tone, palipo na mafuta,
na vijana wa kuchomelea humwogopa kuliko mimi.
Kukohoa hajaacha. Kumepungua.
Mimi nalipa Jinja kwa kilo, nalipa dizeli, nanung'unika,
na tangu Juni hakuna kitanda kilichorudi.

Ila kila fremu huja na doa moja tupu,
dogo kama punje ya dengu,
mahali kulabu ilipoishikilia.
Isabirye huomba radhi kila mara:
umeme lazima uingilie mahali.
Nantume hukaa juu ya kreti ya soda,
rangi ndani ya kizibo, brashi ya nywele chache,
hulitafuta lile doa kwa kucha,
hulipaka,
kisha hulipuliza
kwa mdomo.